Mstari Mmoja, Kisha Pumzi

Jumatano ya kwanza niliyorudi mazoezini, mwalimu wa kwaya alivumilia hadi ubeti wa pili, ndipo akanyoosha mkono kusimamisha kinanda. Hakunitaja. Alisema tu, "Sauti ya tatu, kuna mtu anakata maneno katikati." Wenzangu wakainamia vitabu vyao kwa ile adabu ya watu wanaomjua mkosaji.

Mkosaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa natoka kwenye nimonia. Siku 11 wodini, wiki tano nyumbani, mifuko ya dawa mpaka juu ya friji. Daktari aliniambia mapafu yatarudi, ila kwa wakati wake, nisiyaharakishe. Hilo nililielewa. Ambalo sikulielewa ni kwamba mtu anaweza kuujua wimbo neno kwa neno na bado asiufikishe mwisho wa mstari. Maneno ninayo, tuni ninayo, upepo wa kuyasukuma sina.

Nikaomba ruhusa mapema, nikapanda daladala ya Kimara. Dereva alikuwa amefungulia Bob Marley, ule wimbo wa umoja ambao hata asiyejua Kiingereza anaujua, na konda akawa anaitikia huku anahesabu chenji. Sijui kwa nini niliutafuta wimbo huohuo kwenye simu. Labda nilitaka kitu cha kusoma nisiwaze. Jina lake kamili lina vichwa viwili: "One Love/People Get Ready". Watunzi nao wawili. Marley, na mtu mwingine.

Curtis Mayfield.

Nimeusikia wimbo huu tangu sijaanza shule. Huyu wa pili ni nani?

## Jina lililosubiri

Swali hilo lilinikalia kichwani zaidi ya mwezi. Nilikuwa na muda. Mgonjwa anayepona ana muda kuliko mtu yeyote mjini.

Curtis Mayfield alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Bibi yake mzaa baba alikuwa mhubiri mwenye kanisa lake dogo, Traveling Souls Spiritualist Church, na mtoto akaanzia kuimba humo. Kundi lililomtoa linaitwa The Impressions. Mwaka 1965 akawaandikia wimbo wa treni inayokuja kubeba watu bila tiketi, "People Get Ready", na wimbo ule ukaingia kwenye mikutano ya kudai haki za Weusi kama vile ulitungwa kwa ajili ya mikutano hiyo.

Ng'ambo ya maji, Kingston, Jamaika, vijana watatu walikuwa wakilisikiliza kundi hilo la watatu kwa makini ya mwanafunzi. The Wailers wa mwanzo, Marley, Tosh na Bunny, wamejaa Impressions. Mwaka huohuo wa 1965 wakarekodi "One Love" yao ya kwanza, ya mdundo wa ska, na ndani yake wakachomeka vipande vya Mayfield. Jina lake halikuandikwa. Likaja kuandikwa 1977, wimbo uliporekodiwa upya kwa albamu ya *Exodus*, na ndiyo hiyo iliyonifikia mimi kwenye daladala.

Miaka 12 jina linasubiri zamu.

Wapo watakaosema ni wizi. Mimi nimekulia kwenye kwaya, ambako tuni ya kanisa la jirani huhamia kwetu Jumapili inayofuata na hakuna anayeshtakiwa, kwa hiyo sina kinywa. Lakini Mayfield mwenyewe hakuwa mtu wa kulala kwenye jambo hilo. Akiwa na miaka ya ishirini na kidogo tu, pamoja na mwenzake Eddie Thomas, alikwisha kuwa na kampuni ya kusimamia hakimiliki za nyimbo zake. Fikiria enzi zile: kijana Mweusi, shule hakuimaliza, katika biashara ambayo mtunzi aliuza wimbo kwa bei ya suti moja. Mwaka 1968 wakafungua na lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, wakaiita Curtom. Cur ya Curtis, Tom ya Thomas.

Hapa nilimwonea wivu, kwa niaba ya wazee wetu wa dansi ambao nyimbo zao zinapigwa kila harusi na wao wanazisikia dirishani.

## Sauti isiyo na msuli

Kilichonishangaza nilipoanza kumsikiliza ni udogo wa sauti.

Nilitegemea kingine. Muziki wa soul, kwa masikio yangu, ni jasho. Ni mtu anayepiga magoti na kupasua shati. Huyu anaimba kama anayeongea na mtoto aliyelala. Sauti nyembamba, ya juu, ile ambayo mwanaume huiazima kwa muda kisha akairudisha. Yeye aliihamia, akakaa humo maisha.

Mwanzoni sauti kubwa ya kundi ilikuwa ya Jerry Butler, rafiki yake waliyeimba naye kanisani. Mwaka 1958 walitoa wimbo uliopendwa sana, na kwenye lebo ya santuri likachapwa jina la Butler mbele, la kundi nyuma. Mnajua mambo hayo yanavyoisha. Butler akaondoka mwaka huohuo. Kampuni ikawatema waliobaki. Curtis alikuwa na miaka 16, ana kundi lisilo na mwimbaji, na sauti ambayo hakuna aliyekuwa akiiuza.

Basi akaenda kumpigia gitaa rafiki yuleyule aliyewaacha. Akamwandikia na wimbo, uliotoka 1960 ukampaisha Butler upya. Hela akaziweka. Mwaka 1961 akawakusanya wenzake, wakaenda New York, wakarekodi "Gypsy Woman", safari hii mbele ikiwa sauti yake yeye. Ukashika chati.

Na gitaa lenyewe! Alijifunza peke yake. Alikuwa amezoea kuchezea vitufe vyeusi vya piano, kwa hiyo alipopata gitaa alizifunga nyuzi zifuate vitufe hivyo vyeusi. Hakujua kwamba watu wengine hawafungi hivyo. Alipokuja kujua alikuwa ameshazoea, akaendelea nalo hivyohivyo. Mpiga gitaa akilichukua gitaa la Mayfield vidole vinapotea njia. Mpigaji wetu wa kwaya, nilipomweleza, alijaribu kulifunga la kwake hivyo, akapiga dakika mbili, akalirudisha na kuniambia, "Kaka, hii ni nyumba ya mtu."

## Kupokezana

Kufikia 1962 kundi lilikuwa limebaki na watu watatu: Curtis, Sam Gooden mwenye sauti nzito, na Fred Cash. Hapa ndipo nilipoanza kurudisha nyuma nyimbo, kurudia sekunde kumi kumi.

Makundi mengi ya wakati ule yalikuwa na kiongozi mmoja mbele na wenzake nyuma wakiitikia. Hawa watatu mara nyingi hawakai hivyo. Curtis anaanza mstari, na kabla haujaisha wawili wanaingia chini yake, wanaubeba, yeye anaibuka upande wa pili. Wakati mwingine mwenzake anachukua maneno mawili tu, kisha yanarudi. Ni ufundi wa kanisani, wa vikundi vya injili. Wao wakauhamishia kwenye nyimbo za mapenzi.

Wimbo wao mkubwa wa 1963, "It's All Right", ulizaliwa hivyohivyo kwa kupokezana. Walikuwa kwenye gari, Nashville, wakisubiri kupanda jukwaani. Curtis anaeleza mipango yake, na kila akisema jambo Fred anamjibu kwa maneno hayo ya jina la wimbo, kama sisi tunavyosema "sawa, sawa". Curtis akasikia kwamba hilo jibu ni kiitikio.

Mwalimu wetu wa kwaya ana neno analolirudia kila mwaka mpya, kwa wageni: msipumue pamoja. Watu wa sauti moja wakivuta hewa kwa wakati mmoja, wimbo unatoboka. Mmoja avute, mwingine ashikilie, kisha wabadilishane, na msikilizaji adhani mnayo pumzi isiyoisha. Nimelisikia neno hilo miaka 14. Sikuwahi kulihitaji. Nilikuwa mtu wa kushikilia, yule ambaye wengine wanavutia hewa nyuma yake.

## Kilichokatazwa kote kote

Baba yangu mdogo alipoona ninachosikiliza alicheka. Yeye alikuwa kijana Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 60. "Unajua hiyo miziki ilipigwa marufuku hapa?"

Nilikuwa najua nusunusu. Operesheni Vijana tumeisoma, ile kampeni ya kukataza sketi fupi na wigi na suruali za kubana. Ila Novemba 1969 agizo lilitoka pia kwamba muziki wa soul usichezwe Dar es Salaam. Ulionekana ni uhuni wa kigeni, utawaharibu vijana.

Nikamwuliza walifanya nini. "Tulicheza ndani."

Kinachonichekesha, kwa uchungu kidogo, ni tarehe. Mwishoni mwa 1967 Mayfield alikuwa ametoa "We're a Winner", wimbo wa kuwaambia Weusi wasimame wima, na huko Marekani baadhi ya vituo vya redio vikagoma kuupiga, eti una uchochezi. Sauti laini namna ile, na watu wawili wasiojuana, pande mbili za bahari, wanaona inahatarisha. Huko kwa kuwa ni ya Kiafrika mno, huku kwa kuwa si ya Kiafrika.

## Pale nilipomtilia shaka

Aliliacha kundi 1970. Hakuwatupa, aliendelea kuwatungia na kuwarekodi chini ya Curtom, na Leroy Hutson akachukua nafasi yake. Nadhani ndiyo maana hakuna kisa kikubwa cha kusimulia hapo.

Shaka yangu ni ya 1972. Mwaka huo alitengeneza muziki wa filamu ya *Super Fly*, na albamu ikapanda hadi namba moja Marekani. Shujaa wa filamu ni muuza kokeini anayetaka kufanya biashara moja ya mwisho ajitoe. Anavaa vizuri, gari lake linang'aa, mwisho anashinda. Mayfield mwenyewe alikuja kusema kwamba alipoitazama aliiona kama tangazo la kokeini.

Sasa kama uliona hivyo, mzee, mbona ulilipigia tangazo ngoma tamu hivyo?

Nilibaki na swali hilo siku kadhaa, na bado sijalimaliza. Yupo hata ndani ya filamu yenyewe, anatumbuiza kwenye klabu wimbo wa muuza dawa, sauti ileile ya kubembeleza, na ukiusikiliza bila kufuata maneno unataka kuwa huyo muuza dawa. Kwa upande mwingine, ndani ya filamu kuna kijana mdogo wa pembeni, Freddie, anayegongwa na gari na kusahaulika haraka. Mayfield akamchukua huyo. Akamtungia wimbo mzima, "Freddie's Dead", akautoa kabla filamu haijaingia sinema, kiasi kwamba watu waliingia ukumbini wakijua tayari nani atakufa na kwamba hakuna atakayemlilia. Kwenye filamu inasikika ala tu, bila maneno, na kwa sababu hiyo wimbo haukuruhusiwa kushindania Oscar.

Filamu ilimtazama muuzaji, albamu ikamtazama aliyeuawa. Hilo nalikubali. Lakini watu walicheza vyote viwili, na sidhani kama waliokuwa wakicheza walikuwa wakitofautisha.

Baada ya hapo aliandika mengi kwa ajili ya sauti za wengine: Gladys Knight, Staple Singers, Aretha Franklin. Mwishoni mwa miaka ya 70 akaingia disko, na kuna albamu zake za kipindi hicho ambazo nilijaribu mara mbili nikashindwa kuzimaliza. Tuendelee.

## Upepo wa Agosti

Tarehe 13 Agosti 1990 alikuwa na onyesho la wazi pale Wingate Field, Brooklyn. Jioni, upepo mkali umeanza. Anatajwa jina, anapanda ngazi za jukwaa na gitaa lake. Nguzo za taa zikaanguka.

Alipooza kuanzia shingoni kushuka.

Nimeandika aya hii mara nyingi na kila mara nilikuwa naiongezea maneno, kisha nayafuta. Alikuwa na miaka 48. Gitaa lile ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulipiga, naye sasa hakuweza.

## Kulala chali

Ukipooza kwa namna ile, misuli ya kusukuma pumzi nayo inakuacha. Kuimba ni pumzi inayotoka polepole kwa amri yako, na amri haifiki. Miaka ilipita hakuimba.

Kisha akagundua jambo. Akilazwa chali, uzito wa mwili wenyewe unayakandamiza mapafu na kuisukuma hewa nje. Hewa kidogo, ya kutosha mstari mmoja. Basi wakamlaza, wakamsogezea maiki, akaimba mstari mmoja. Akapumzika. Akaimba wa pili. Mafundi wakaiunganisha mistari mmoja mmoja mpaka ikawa wimbo, na nyimbo zikawa albamu, *New World Order*, iliyotoka 1996.

Katika lugha yetu pumzi na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja. Sijawahi kuona mtu aliyeishi undugu huo namna hii.

Usiku niliosoma habari hiyo nilizima taa ya sebuleni, nikalala sakafuni juu ya mkeka, nikajaribu. Mstari wa kwanza wa wimbo tuliokuwa tunaufanyia mazoezi. Ulitoka wote. Nikapumua mara nne, tano. Mstari wa pili. Binti yangu akaja kunywa maji, akasimama mlangoni.

"Baba, unaumwa tena?"

"Hapana, mama. Naimba."

Akanitazama kidogo, akaenda kulala.

## Huruma au sikio?

Lakini hapo ndipo shaka ya pili ilipoanza, na hii ilinisumbua kuliko ile ya kokeini. Naisikiliza ile albamu na kifua kinanibana. Je, ni nzuri, au namhurumia? Ukishajua mtu aliimba amelala, kila neno linakuwa muujiza, na muujiza hauhojiwi. Pia mimi si msikilizaji huru. Nina mapafu yangu ubavuni ninayoyatetea.

Nikaamua kumtega mwalimu wa kwaya. Baada ya mazoezi nikampa spika ya masikioni, nikamchezea wimbo mmoja wa albamu ile bila kumwambia ni nani wala ni wa lini. Mwalimu wetu hana huruma na sauti. Amewahi kumwambia mchungaji, mbele ya watu, kwamba ameshuka nusu tuni.

Akasikiliza mpaka mwisho macho yamefumba. Akavua spika.

"Mtu mzima huyu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kinanda kimejaa mno, hizi programu za kompyuta. Lakini yeye…" Akafikiri. "Huyu anajua pa kupumulia."

Nikamweleza basi. Mstari mmoja mmoja, chali, maiki juu. Hakusema pole, hakusema ajabu. Alichukua tena ile spika, akarudisha wimbo nyuma, na safari hii alikuwa anahesabu kwa vidole kwenye goti, akitafuta ulipounganishwa.

"Siyasikii maungio," akasema mwishoni, na alionekana kuudhika kidogo, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwingine.

Nami nimezitafuta sehemu hizo tangu siku ile. Kuna ninapodhani nimeipata, halafu najikuta nimekumbuka nyimbo za 1964, vile Fred na Sam walivyokuwa wakiingia kabla mstari haujaisha. Sauti ya Curtis ilijengwa tangu ujana kwa kuacha nafasi ya mwingine kuingia. Hakuwahi kuimba kama mtu atakayemaliza peke yake. Miaka thelathini baadaye wenzake hawamo chumbani, nafasi zipo palepale, na fundi na mashine yake wanaingia humo.

Inawezekana nayatafsiri haya kwa faida yangu. Sikatai.

Mwaka 1998 kisukari kilimfanya akatwe mguu wa kulia. Mwaka 1999 alipoingizwa kwa mara ya pili kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll, safari hii kama msanii binafsi baada ya kuingia na The Impressions 1991, afya haikumruhusu kuhudhuria. Akafariki tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, huko Roswell, Georgia, akiwa na miaka 57.

## Jumamosi iliyopita

Nimerudi kwenye sauti ya tatu, ila nimehama kiti. Zamani nilikaa mwisho wa mstari, karibu na ukuta, mahali pa mtu wa kushikilia. Sasa nipo katikati, kushoto kwangu mzee mmoja fundi viatu ambaye ameimba kwaya hii tangu kabla sijazaliwa. Sikumwomba chochote. Nadhani mwalimu alimnong'oneza, au hakunong'onezwa, amesikia tu.

Tulifika ubeti wa tatu, ule wenye mstari mrefu. Nilianza kuhisi kifua kinakauka. Mzee akanigusa kwa kiwiko, kidogo sana, bila kugeuza kichwa.

Nikafumba mdomo, nikavuta hewa. Yeye akaendelea.